Kiswahili cha Chumba cha Mashuka

Nilipofika Élisabethville, chuo kikuu kilikuwa kipya hivi kwamba milango ya madarasa ilikuwa bado inanuka rangi, na hakuna mtu aliyekuwa amefikiria mwanafunzi mweusi wa kike atalala wapi. Wavulana weusi walikuwapo, wachache, wamepewa vyumba pamoja na wenzao wa Kizungu katika jengo moja karibu na chuo. Wasichana wote walikuwa Wazungu, nao walikaa katika nyumba ya masista, kwenye barabara ya mijakaranda nyuma ya kanisa kuu. Mimi nilikuwa nimetumwa na chuo chetu cha Kampala kwa mwaka mmoja, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi ambao, kwa kadiri ninavyojua, haukurudiwa tena. Nilichaguliwa kwa sababu moja tu: nilijua Kifaransa. Masista walionifundisha nyumbani Tabora walitoka Kanada, na walikuwa wakigombana kwa Kifaransa jikoni wakidhani sisi wanafunzi hatusikii.

Safari yenyewe ilikuwa treni mpaka Kigoma, meli mpaka Albertville, kisha treni tena, mpaka nikazoea kulala nimekaa. Asubuhi niliyoshuka stesheni, kitu cha kwanza nilichokiona ni bomba la kiwanda cha shaba na moshi wake, na cha kwanza nilichokisikia ni mchukuzi aliyeniuliza, "Mama, bintu byako biko wapi?" Nilielewa. Nilifurahi kwamba nimeelewa, nikadhani mwaka utakuwa mwepesi.

Wakubwa wa chuo walijadiliana habari zangu mbele yangu kwa adabu nyingi. Mmoja alisema nipelekwe kwa masista wa cité, yaani upande wa mji walikoishi Waafrika, ambako kulikuwa na shule ya wasichana. Mwingine alisema huko ni mbali na madarasa, tena mimi ni mwanafunzi wa chuo kama wengine. Huyu wa pili alishinda. Nikapelekwa kwenye nyumba ya masista, na sista mwangalizi, mwanamke mrefu mwenye saa ya kiume mkononi, akanipandisha ghorofani mpaka mwisho wa ujia, kwenye chumba kilichokuwa karibu na chumba cha mashuka.

"Hapa utakuwa na utulivu," aliniambia. "Na una bafu lako mwenyewe."

Bafu lilikuwa la wagonjwa. Kila msichana aliyepata homa au surua aliogeshwa pale, na mlangoni palikuwa na alama ya kibandiko kilichokuwa kimebanduliwa siku hiyohiyo. Wasichana wengine walikuwa wakipanga foleni asubuhi kwenye bafu la chini, wamebeba taulo. Mimi sikupanga foleni. Kwa muda nililiona jambo hilo kuwa bahati, na kusema kweli, kwa upande wa maji ya moto lilikuwa bahati.

Maisha ya nyumba ile yalikwenda kwa kengele. Tuliamka kwa kengele, tukasali kwa kengele, tukala kwa kengele. Wasichana walikuwa mabinti wa wahandisi, wa madaktari, wa wenye maduka. Wengine nyumbani kwao ni Jadotville au Kolwezi, wengine wametoka Ubelgiji wakiwafuata baba zao. Hakuna aliyenitukana. Waliniambia bonjour wakinikuta kwenye ngazi, wakapisha. Kila mmoja alikuwa na leso yake ya mezani iliyoviringishwa ndani ya pete, na kila mmoja na kiti chake. Changu kilikuwa cha mwisho mezani, na cha kando yake hakikuwa na mtu.

Sheria mojawapo ya nyumba ilikuwa kwamba Kifaransa ndiyo lugha ya mezani na ya ngazini. Nilidhani imetungwa kwa ajili ya wale wasichana waliosema Kiingereza au Kigiriki. Nilipomsalimu mpishi kwa Kiswahili siku ya pili, "Habari za asubuhi, baba," alinitazama akiwa ameshika birika, akajibu, "Bonjour, mademoiselle." Alikuwa mtu mzima wa kule kaskazini mwa Katanga, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na Kiswahili alikisema siku nzima na mtunza bustani. Nilirudia salamu yangu kesho yake na keshokutwa, naye akarudia yake. Mwisho nilielewa kwamba alikuwa ananitendea heshima, tena labda anajitendea na yeye. Nikaacha. Toka hapo tuliambiana bonjour mpaka nilipoondoka.

Msichana aliyekuja kukaa kwenye kile kiti kitupu alichelewa kufika chuoni. Baba yake alikuwa na shamba la mboga na ng'ombe wa maziwa nje ya mji, upande wa Kasungami, na kulikuwa na kazi ambayo haikuweza kumngoja. Alikuwa mpana wa mabega, shingo imeungua jua, na viatu vyake vilikuwa vya mtu anayetembea kweli. Kwao walisema Kiflamandi, ile lugha nyingine ya Wabelgiji, na Kifaransa chake kilikuwa kizito. Alipoomba chumvi mezani, wasichana wawili upande wa pili waliangaliana. Alipoomba mara ya pili, mmoja aliiga sauti yake chinichini. Baada ya hapo alikula bila chumvi.

Tulikaa hivyo ubavu kwa ubavu wiki kadhaa, kila mmoja akila chake. Nilimwona kama Mzungu mwingine tu, aliye na shida ndogo kuliko yangu. Sijui yeye aliniona kama nini.

Mvua za kwanza ndizo zilizotufanya tuzungumze. Ilikuwa mchana, masista wako kwenye sala, na kamba zote za uani zimeanikwa mashuka. Upepo ulivuma kutoka upande wa kiwanda, mbingu ikawa rangi ya risasi, na mimi niliyekuwa naona kila kitu kutoka dirishani kwangu nikashuka mbio. Nikamkuta naye ameshafika uani. Tulianza kuyavuta mashuka pande mbili. Mvua ilipoanza kutupiga alisahau Kifaransa chote.

"Kamata kule," alipiga kelele. "Kamata. Hapana vile. Weka juu. Kimbia."

Nilisimama na shuka mikononi. Si kwamba nilikasirika. Nilishangaa kwamba sauti ile imetoka kwake. Naye alinitazama, akagundua alichosema na aliyemwambia, uso ukawa mwekundu kuliko shingo yake.

"Nimekamata," nilimwambia. "Sema polepole, nasikia."

Tulipandisha mashuka hadi kwenye chumba cha mashuka, kile kilicho karibu na changu, tukayatundika kwenye waya juu ya rafu. Tulikuwa tumelowa. Aliketi juu ya kikapu cha nguo akacheka peke yake kidogo, kisha akaniuliza, "Weye, unajua Kiswahili kweli?"

Nilimwambia ndiyo lugha niliyozaliwa nayo.

Toka siku hiyo alikuwa akipanda ghorofani baada ya masomo ya mchana, na tulikaa katika chumba cha mashuka kwa sababu kilikuwa na joto na harufu nzuri ya pasi. Ilinichukua muda kukielewa Kiswahili chake. Hakikuwa kibaya, kilitoka haraka, bila kutafuta maneno, kuliko Kifaransa chake mara kumi. Lakini alijua kuamrisha, kwa kuwa hivyo ndivyo baba yake alivyosema na vibarua, na alijua maneno ya kubembeleza, kwa kuwa alilelewa na mama mmoja wa Kilamba, mwenyeji wa kulekule shambani. Baina ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Hakuwahi kukaa na mtu wa rika lake akabishana naye kwa Kiswahili. Alikuwa hajui kusema naona, nadhani, sikubaliani.

Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kuya."

Nilibaki nimekaa.

"Kuya," akarudia, bila ubaya wowote.

"Kwetu ukimwita mtu hivyo, huyo ni mdogo wako au ni mbwa."

"Sasa naseme namna gani?"

"Sema, naomba uje."

"Naomba uje." Alilionja neno mdomoni. "Naomba, njo kusema nini? Sawa vile banaomba Mungu?"

"Mungu na watu pia."

"Unasema sawa kitabu ya misa," alisema, na akacheka, nami nikaenda naye nilikoitwa. Alitaka tu nimsaidie kusoma swali la mtihani, kwa sababu alikuwa anasomea sayansi na maelezo yote yalikuwa ya Kifaransa.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nilimfafanulia Kifaransa cha vitabu vyake kwa Kiswahili, naye akanirekebishia Kiswahili changu kiwe cha pale. Nilijifunza kusema njo badala ya ndiyo, iko badala ya ni, shiye badala ya sisi, ju ya nini badala ya kwa nini. Jumamosi nilipokwenda sokoni cité, wauza mboga walikuwa wameanza kuacha kuniuliza nimetoka nchi gani. Yeye kwa upande wake alijifunza samahani, ambalo hakulipenda kwa sababu ni refu, na tafadhali, ambalo alilisema kama mtu anayetafuna mfupa.

Sista mwangalizi alitusikia kabla ya Noeli. Alikuwa amekuja kuhesabu foronya. Alisimama mlangoni, akatungoja tunyamaze, akaniambia niende ofisini kwake.

"Mademoiselle," alisema tulipokuwa peke yetu, "wewe ni mwerevu. Umekuja hapa kwa ajili ya Kifaransa. Na yule maskini Kifaransa chake unakijua. Unamsaidia hivyo?"

"Ndiyo, sista. Ameanza kufaulu mazoezi."

"Kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili."

Aligeuza saa yake mkononi. "Elewa. Katika nyumba hii Kiswahili ni lugha ya kazi. Mimi mwenyewe ninakisema na mpishi. Wasichana wakikisikia ghorofani watadhani..." Hakumaliza watadhani nini.

Nilimwambia kwamba mimi nilisali kwa lugha hiyo kabla ya kujua nyingine yoyote, na nilijifunza kuhesabu kwa lugha hiyo, na kwamba baba yangu, aliyekuwa karani wa stesheni, aliandika kwayo magazetini. Sikusema kwa hasira. Nilieleza kama nilivyokuwa nimefundishwa kueleza jambo darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengi wasingelifanya.

"Basi," alisema, "katika chumba cha mashuka. Mlango ukiwa wazi. Mezani na kwenye ngazi, hapana."

Mlango ulikaa wazi mwaka mzima. Siwezi kusema kwamba tulipata ushindi. Tulipata chumba.

Katikati ya mvua, wakati uyoga unapouzwa kando ya barabara zote, mwenzangu alinialika kwao siku mbili. Alinialika vizuri, kwa naomba. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na kengele.

Baba yake alikuja kutuchukua na gari la shamba, lililokuwa wazi nyuma na bado lina majani ya kabichi. Alinipa mkono. Halafu alitazama kiti cha mbele, akatazama nyuma, na nikaona kwamba hili nalo halikufikiriwa. Binti yake hakungoja. Aliingia akakaa katikati, akapiga kiti kwa kiganja, "Panda." Nikapanda. Tulikwenda watatu tumebanana, na watu waliokuwa wanatembea kwa miguu kando ya barabara waligeuka kututazama, kisha wakatazama mbele. Baba aliniuliza kwa Kiswahili kwetu mvua inaanza mwezi gani. Aliniuliza, "Sema, mvua kwenu inaanza lini," kama mtu anayetaka taarifa kwa msimamizi, lakini alitaka kujua kweli, na nilipomjibu aliuliza habari za udongo.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, na baraza kuizunguka pande tatu. Mama yake alikuwa mwembamba, mwenye aproni safi. Alinikaribisha kwa Kifaransa kizito kama cha binti yake, akanionyesha chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa vizuri. Nilinawa. Nilipotoka nilikuta meza imeandaliwa barazani: kitambaa kilichotariziwa, sahani nzuri, glasi, kijiko cha supu, ua kwenye kikombe. Ilikuwa ya mtu mmoja.

"Hapa kuna hewa nzuri," alisema mama. Alivuta kiti akaningoja nikae. Kisha akaingia ndani. Kupitia dirishani niliwaona wakikaa wao watatu kwenye meza kubwa, baba akisali. Mwenzangu alikuwa amenipa mgongo. Nilimwona amegeuka mara moja, mama akamwambia neno kwa Kiflamandi, naye akageukia sahani yake.

Nilikula supu. Ilikuwa supu nzuri ya karoti. Nimeulizwa na wanangu baadaye kwa nini sikuondoka, na jibu ni kwamba barabara ilikuwa ndefu na nilikuwa na njaa, na pia kwamba yule mama alikuwa ametandaza kitambaa chake kizuri kuliko vyote. Alikuwa amefanya alichoweza na akaishia pale alipoishia.

Aliyeleta chakula cha pili alikuwa yule mama wa Kilamba. Nilimjua kabla hajasema. Mwenzangu alikuwa ameniigizia mara nyingi jinsi anavyotembea, akianza na bega la kushoto. Aliweka sahani ya nyama na viazi mbele yangu, akatazama meza, akatazama dirisha.

"Mwana, unakula weye moja ju ya nini?"

"Nimeandaliwa hapa, mama."

"Nani aliandaa?" Lakini hakutaka jibu. Aliondoka, akarudi na bakuli la bukari, ule ugali wa kule, na sahani ya uyoga uliopikwa na karanga, akaketi kwenye ngazi ya baraza karibu na miguu yangu, akaanza kula. Baada ya muda mfupi niliacha kiti nikakaa naye ngazini. Tulikula kutoka bakuli moja. Nyama ilibaki juu ya kitambaa cha kutariziwa.

Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza tangu nifike nchi ile: kama mama yangu yu hai, tuko wangapi, nani anamtekea maji sasa. Aliniambia kwao ni palepale. Babu zake walilima mtama chini ya kile kilima kabla ya reli, na shamba lilipokuja liliwakuta, wakabaki wanalima, ila si mtama. Alieleza kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda kisimani.

Alipomaliza kula alisimama, akafuta mikono, akaenda dirishani na kuzungumza kwa sauti ya kawaida.

"Mwana wangu. Mugeni yako anakula na mi kwa ngazi. Uko unaona?"

Mama mwenye nyumba alisema jambo. Baba alisema jambo lingine, fupi. Mwenzangu hakusimama. Walimaliza kula.

Mwenzangu alitoka baadaye, amebeba kahawa yangu mwenyewe bila sinia, ikimwagikia kwenye kisahani. Aliiweka kando yangu ngazini. Yule mama alimgeukia akamwambia maneno ambayo sikuwahi kumsikia mtu akimwambia Mzungu, wala hakuyasema kwa sauti kubwa. Alimwambia kwamba mutu haachi mugeni wake inje. Alimwambia kwamba alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na kwamba leo amemwona amekaa kama mutu hana mama. Kisha akachukua mabakuli yake akaenda jikoni.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza mwenzangu kusemeshwa kama mtu mzima katika lugha ile. Alibaki amesimama. Nilimwona akitafuta neno. Nilikuwa nimemfundisha samahani, tena tulikuwa tumelifanyia mazoezi, lakini halikuja. Aliketi, akaweka mkono juu ya mkono wangu, akasema kwa sauti ndogo, ya kuimbaimba, "Nyamaza. Nyamaza, inapita. Inapita, mwana."

Yalikuwa maneno aliyoambiwa alipokuwa mdogo akianguka.

"Mimi silii," nilimwambia.

"Najua," alisema. Hakuondoa mkono. Tulikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa, na sikuinywa.

Asubuhi yake meza ya barazani iliandaliwa tena, ya mtu mmoja, na ua jipya. Mwenzangu alitoka na kikombe chake na mkate wake akakaa ngazini, si mezani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Kidogo baba yake naye akatoka, amesimama ameegemea nguzo, akiniuliza habari za kahawa ya Bukoba, ambayo mimi wa Tabora sikuijua vizuri. Mama hakutoka. Wakati wa kuondoka alinipa mkono na mfuko wa machungwa, akaniambia anatumaini nimepumzika. Nilimwambia nimepumzika.

Ndani ya gari hakuna aliyezungumzia jambo hilo, wala sisi wawili hatukulizungumzia chuoni. Alikuja kwenye chumba cha mashuka kama kawaida. Lakini nilianza kuona kwamba sasa anabishana. Nilipomweleza sentensi ya kitabu alisema, "Hapana, mi naona hivi," na mara nyingine alikuwa sahihi. Mezani siku moja aliomba chumvi kwa Kifaransa chake kilekile, na yule msichana alipomwiga, aliomba tena, polepole, akimtazama, mpaka akapewa. Mimi nilipewa chumvi mara baada yake, bila kuomba.

Yeye hakufaulu. Mtihani wa kuandika alipita. Wa mdomo, mbele ya maprofesa watatu, Kifaransa kilimkimbia. Angeweza kurudia miezi michache baadaye, lakini aliniambia hatarudia. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeingia na tulikuwa tumejifunika blanketi za wagonjwa.

"Baba anazeeka," alisema. "Na ng'ombe najua. Ng'ombe haiulize Kifaransa."

"Ulitaka kusoma."

"Nilitaka. Bado nataka." Alinyoosha kunjo la shuka kwenye rafu. "Weye utaenda kwenu, utafundisha. Mi nitabaki hapa, na Kiswahili yangu ya naomba."

Nilimwambia ningependa kumuaga yule mama kabla sijaondoka, ila sikutaka kwenda kule shambani tena. Nilimwambia wazi. Alifikiri, akasema, "Atakuya yeye."

Alikuja siku ya gari la mboga, amevaa kitenge cha kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mwenzangu alimwingiza kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nashuka ngazi, na sista mwangalizi alikuwa ametoka ofisini, na sote wanne tukakutana pale penye saa ya ukutani. Sista alimtazama yule mama, akamtazama msichana, akanitazama mimi.

"Ni mgeni wangu, sista," nilisema kwa Kifaransa. "Amekuja kuniaga."

Chumba cha wageni kilikuwa upande wa kulia, viti vyake vimevikwa velveti ya kijani, na mpaka siku hiyo nilikuwa sijakaa humo. Wageni waliopokelewa pale walikuwa wazazi na mapadri. Sista alisimama kwa muda wa kutosha kila mmoja wetu kuona kwamba anafikiri. Kisha akafungua mlango.

"Kaa, mama," alimwambia kwa Kiswahili.

"Aksanti, nakaa," alijibu yule mama, akakaa kwenye kiti kikubwa, akaweka kikapu chake juu ya zulia. Kilikuwa na viazi vitamu na chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mizizi wanachotengeneza Walamba, kwa ajili ya safari yangu. Sista aliondoka. Tulidhani amekwenda zake, lakini alirudi mwenyewe na kahawa, vikombe vinne, akaketi nasi. Yule mama akachukua mazungumzo mikononi. Alimuuliza sista kama mama yake yu hai.

Sista alisema mama yake alikufa wakati wa vita, na yeye akiwa huku, na habari zilichukua muda mrefu kufika. Alisema kwa Kiswahili kibovu, akichanganya nyakati. Yule mama alitikisa kichwa, akatoa sauti ile ya kooni ambayo wanawake wa kule hutoa wakisikia msiba, hata uliopita. Walizungumza wao wawili kwa muda juu ya kufiwa na mtu ukiwa mbali. Mimi na mwenzangu tulikunywa kahawa.

Dereva wa gari la mboga alipopiga honi, yule mama alisimama. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia nimsalimu mama yangu na nimwambie kwamba nilikula vizuri. Nilimuahidi. Alitoka kwa mlango uleule wa mbele, na mwenzangu akaenda naye, kwa kuwa mzigo wake ulikuwa umeshapakiwa na alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Walipanda mbele pamoja na dereva. Mwenzangu aliniinulia mkono dirishani, nami nikainua wangu, gari likakata kona ya kanisa.

Mimi niliondoka wiki ile. Miaka michache baadaye, wakati wa vurugu za baada ya uhuru, msafiri mmoja aliniambia mashamba mengi ya upande ule yameachwa na wenyewe wamekwenda Rhodesia. Nilimuuliza habari za shamba la maziwa lenye nyumba ya matofali mekundu. Alisema alipita pale, aliona mtama umelimwa mpaka karibu na baraza, na wanawake wanapalilia. Hakujua ni watu gani, na hakuwa amesimama kuuliza.